Niliwafuta watoto wote uso kwa taulo moja

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule shikizi ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Nina watoto 58 wenye umri wa miaka 4 hadi 6, na ninawafundisha peke yangu tangu shule ilipofunguliwa mwezi Januari. Ninaomba ushauri wako juu ya jambo linaloninyima usingizi, na ninaomba pia usilitaje jina langu wala la kijiji, kwa sababu ningependa kuendelea kuishi vizuri na wazazi wa watoto hawa.

Watoto wengi huja asubuhi wakiwa na matongotongo yaliyokauka kwenye pembe za macho na kamasi iliyofika mdomoni. Mimi mwenyewe nimekulia kijijini, kwa hiyo uchafu haukunishtua. Kilichonishtua ni kuona mtoto akiimba na kuhesabu huku nzi wanne wametua machoni pake, naye asiinue hata mkono kuwafukuza. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba ugonjwa wa vikope huenea kwa namna hiyo, na hapa kijijini nimewaona bibi kadhaa ambao hawatoki nje bila kujifunika khanga usoni kwa sababu mwanga unawaumiza.

Nilizungumza na akina mama, nao wakanijibu kwa upole kwamba maji yanachotwa kwenye visima vya mchangani katika korongo, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na kurudi, na kwamba maji hayo ni ya kupikia na kunywa, si ya kumwagia uso wa mtoto ambao baada ya dakika kumi utakuwa na vumbi tena. Sikuwa na la kuwajibu. Kwa hiyo nilinunua kwa fedha zangu beseni, kipande cha sabuni na taulo mbili, na kila asubuhi nikawa ninawapanga watoto mstari, ninamnawisha kila mmoja kwa maji ya beseni hilo na kumfuta kwa taulo. Taulo moja niliitumia wiki nzima, na nyingine ikisubiri zamu yake.

Katika wiki ya tatu mtoto mmoja alikuja akiwa na macho mekundu yaliyovimba. Kabla ya Ijumaa walikuwa wamefika 12. Baba wa mmoja wao alisimama mbele ya darasa na kusema kwamba taulo ya mwalimu ina ugonjwa, na mkuu wangu akaniagiza niache mambo ya kunawisha na nishughulike na kusoma na kuhesabu. Zile taulo nilizichoma moto usiku, nikilia.

Nikiwa na hasira na hofu, nilibadili utaratibu: mtoto aliyefika na uso mchafu nilimrudisha nyumbani akanawe. Binti mmoja wa miaka 5 nilimrudisha mara tatu kwa wiki moja, na sasa ni wiki ya pili hajaonekana. Anaishi na bibi yake, ambaye macho yake hutoka machozi wakati wote na ambaye huning'iniza kibano shingoni kwa kamba ili ang'oe nywele za kope zinazomchoma.

Mama, je, ni mimi niliyewaambukiza watoto wale? Nitawezaje kuwafundisha usafi wa uso mahali ambapo maji ni haba na wazazi wamekwisha kunitilia shaka? Na huyu binti nimfanyeje?

Ni mimi,
Mwalimu wa awali, Kongwa

*

Marahaba, mwanangu Mwalimu.

Nitaanza na swali la kwanza kwa sababu ninajua ndilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, inawezekana kabisa kwamba taulo na maji ya beseni vilisaidia kuupeleka ugonjwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine, kwa maana uchafu wa macho hubaki kwenye kitambaa kilicholowa na humpata anayefuata. Kukuficha hilo kusingekusaidia. Lakini pia sitakubali ujibebeshe mzigo usio wako. Macho yanayovimba kwa watoto 12 katika siku chache yanafanana na macho mekundu ya kuambukiza, ambayo yangeweza kuenea darasani hata bila taulo yako, kama yalivyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024. Mtoto anayesugua jicho kisha akamshika mwenzake anatosha. Sisemi kwamba watoto wale walikuwa na ugonjwa gani, kwa kuwa jicho haliwezi kupimwa kwa barua, na ndiyo sababu ninataka uende zahanati ukawaeleze kilichotokea na kuomba watoto wakaguliwe.

Vikope ni ugonjwa mwingine, na mwendo wake ni wa polepole. Bakteria wake huingia jichoni mara nyingi katika miaka ya utoto, na kila wanaporudi huacha kovu dogo upande wa ndani wa kope ya juu. Makovu hayo yakizidi, kope hujikunja kuelekea ndani na nywele zake zikaanza kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Mtoto anaweza kuwa nao pasipo kulalamika, maana dalili zake hufanana na zile ambazo kijiji kizima kimezizoea, yaani matongotongo, machozi na wekundu kidogo, na mara nyingi haujulikani mpaka mtaalamu aigeuze kope na kuona vipele vidogo upande wa ndani. Kwa hiyo yule bibi mwenye kibano shingoni na mjukuu wake huenda wana ugonjwa mmoja, mwanzo wake na mwisho wake katika nyumba moja. Wanawake hupatwa na upofu wa vikope kuliko wanaume, na sababu kubwa ni kwamba wao ndio wanaokaa na watoto wadogo, wanaowafuta kamasi na machozi, na wanaolala nao.

Wazo lako la kuwanawisha watoto lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na ushahidi wake umetoka wilayani kwako. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kongwa, ambapo familia zilihimizwa kuweka nyuso za watoto safi pamoja na kupewa dawa ya macho, na ikaonekana kwamba watoto ambao nyuso zao zilikutwa safi mara kwa mara walikuwa na vikope vikali kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Ninatamani mkuu wako alijue hili, kwa sababu wilaya yake imeufundisha ulimwengu jambo analokuagiza uliache. Mwambie kwa adabu kwamba hukusudii kuacha kusoma na kuhesabu, bali unaomba dakika kumi za asubuhi, zile zile za ukaguzi wa usafi ambao tayari hufanyika mstarini, ila safari hii macho na pua vitangulie kucha na sare.

Sasa tuzungumzie namna ya kunawa. Achana na beseni kabisa, na usinunue taulo nyingine. Maji lazima yatiririke na kuanguka chini, na kila mtoto anawe kwa mikono yake mwenyewe. Kifaa chake unakijua, ni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari uliopashwa moto, likafungwa kwenye mti wa kulala juu ya nguzo mbili, na kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Vibuyu vitatu vinatosha darasa lako, mradi vifungwe chini kiasi cha mtoto wa miaka 4 kuvifikia, maana nimeona shule nyingi ambapo kibuyu kimefungwa kwa kimo cha mwalimu na watoto wadogo wanaishia kulowa vichwa. Sabuni itie kwenye kipande cha wavu na uifunge vizuri, kwa sababu kunguru huiiba. Chini yake chimba shimo dogo na ulijaze kokoto ili pasifanyike tope, au upande mpapai hapo, na maji yale yale yataustawisha.

Kuhusu uchache wa maji, usibishane na akina mama, kwa sababu wana haki. Anayetembea saa moja na nusu kwa ajili ya dumu moja hastahili kuambiwa kwamba hajali watoto wake. Wapigie hesabu mbele ya macho yao. Hata ukimpa kila mtoto robo lita, jambo ambalo kwa kibuyu chirizi ni anasa, watoto 58 watatumia lita 14 na nusu, yaani chini ya dumu moja la lita 20 kwa darasa zima. Siku ya mkutano wa wazazi chukua chupa ya lita moja iliyotobolewa kifuniko, umwite mama yeyote anawishe watoto mmoja baada ya mwingine, na wote wahesabu kwa sauti ni nyuso ngapi zimenawa kabla chupa haijakauka. Mama aliyehesabu mwenyewe atawaeleza jirani zake vizuri kuliko wewe. Na kama sabuni imekwisha nyumbani, uso unaweza kunawa kwa maji matupu. Asisubiri sabuni ndipo amnawishe mtoto.

Hakikisha pia kwamba akina baba wapo kwenye mkutano huo. Waliotangulia kufanya kazi hii Kongwa walibaini mapema kwamba mama peke yake hawezi kuamua muda wake na maji ya nyumba yatumike vipi, na kwamba akinawisha watoto kila asubuhi wakati wengine hawafanyi hivyo anaweza kuonekana anachezea maji. Punda na mkokoteni ni vya baba. Yule baba aliyekusema mbele ya darasa mwendee nyumbani kwake kabla ya mkutano, mweleze kwamba alikuwa na haki kuhusu taulo, na umwombe achimbie nguzo za kibuyu cha kwanza. Ninajua ninakuomba jambo gumu. Lakini mtu aliyegundua kosa lako kabla yako ana jicho linalofaa, na kijiji kitakuamini zaidi ukilikiri kosa hilo wewe mwenyewe kuliko ukiliacha lizungumzwe kisimani.

Watoto wenyewe hawafundishiki kwa maelezo ya bakteria. Mtoto wa miaka 5 aliyezoea nzi hahisi kwamba uso wake una kitu, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwezesha kuuona. Pachika kioo ukutani kwa kimo chao, hata kipande kidogo kilichowekewa fremu ya mbao ili kisiwakate. Kila mtoto ajitazame kabla ya kunawa na baada ya kunawa, na umuulize ameona nini. Mwache ajibu mwenyewe, hata kama ni kwa Kigogo. Kisha mpe kila mmoja mwenzake wa kutazamana naye baada ya mapumziko na kuambiana kwa upole, "Pua yako ina kitu," kama ndugu wanavyoambiana. Mpangilio wa kunawa uwe ule ule kila siku bila kubadilika: mikono kwanza, halafu macho yakiwa yamefumbwa, halafu pua, mwisho mashavu, na uso uachwe ukauke kwa hewa. Utungieni wimbo wenu mfupi wa hatua hizo nne. Utakapowasikia wakiuimba bila wewe kuanzisha, jua kwamba mikono imeanza kujifunza, na hilo huchukua wiki nyingi, si siku tatu.

Kwa habari ya taulo lipo somo moja ambalo mwalimu yeyote ana vifaa vyake. Saga chaki ya rangi, nyunyizia vumbi lake kwenye kitambaa, mfute nacho mtoto mmoja mkono, kisha wa pili na wa tatu, na waache watazame rangi ilivyohama. Waambie kwamba ugonjwa wa macho huhama hivyo hivyo kwa taulo, kwa khanga ya mama na kwa mto wa kulalia. Watalipeleka somo hilo nyumbani jioni ile ile, na wewe utakuwa umeigeuza taulo iliyokuliza kuwa zana ya kufundishia.

Lipo jambo moja ambalo watu wengi hawalijui, nami ninalisisitiza kila ninapopata nafasi. Wafugaji hudhani nzi wa machoni hutoka zizini, na kwa kuwa hakuna atakayeacha ng'ombe, wanakata tamaa. Nzi anayependa macho ya watoto hupendelea kutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na choo cha shimo hakimfai kuzaliana. Maana yake ni kwamba choo, hata kile cha miti na udongo, humpunguza nzi huyu, na kinyesi cha mtoto mdogo kinachotupwa nyuma ya nyumba kwa dhana kwamba hakina madhara humzalisha. Wazee wa kijiji wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa kwa vikundi kuisikiliza redio na baadaye wakachimba vyoo kwa mikono yao. Waombe wawasimulie vijana habari hiyo mkutanoni. Na choo cha shule yako kiwe na tundu dogo ambalo mtoto wa awali haliogopi, kwa sababu wengi wao hujisaidia vichakani kwa hofu ya kutumbukia.

Dawa nazo zina nafasi yake. Kingatiba ya vikope inapogawiwa kijijini, kila anayestahili aimeze, watoto wakipimwa kimo kwa fimbo ili kujua kipimo chao, na wale wa chini ya miezi 6 wakipewa dawa ya kupaka ya tetracycline. Ila dawa huua vimelea vilivyopo leo, na uso mchafu utavikaribisha vingine kesho kutwa. Mtu yeyote asinunue dawa ya matone dukani kwa kukisia, maana baadhi yake huweza kuliharibu jicho, wala asitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, chai ya rangi au utomvu wa mmea wowote. Yule mwenye macho mekundu yaliyovimba ndiye pekee anayepaswa kukaa nyumbani, akitumwa zahanati na ujumbe wa maandishi kwa mzazi, na arudi darasani uchafu wa macho utakapokuwa umekoma.

Mwenye matongotongo tu asirudishwe. Hapa ulikosea, mwanangu, na kosa hili ni kubwa kuliko lile la taulo, kwa sababu taulo uliitumia kwa huruma. Mtoto wa miaka 5 hachoti maji wala haamui matumizi yake. Ukimrudisha, unamwadhibu kwa jambo lisilo mikononi mwake, na anachojifunza ni kwamba uso wake ni aibu. Aliyekuja mchafu ndiye hasa aliyefuata kibuyu chako, na dakika mbili baadaye angekuwa safi kama wenzake.

Usikate tamaa kwa kudhani vikope ni sehemu ya maisha ya nchi kame. Omani ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, Ghana mwaka 2018, jirani zetu Malawi mwaka 2022 na Burundi mwaka 2025. Kipimo kimojawapo kinachotumika ni watoto wa mwaka 1 hadi 9, ambao wenye dalili miongoni mwao hawapaswi kufika 5 katika kila 100. Watoto wako wa awali ndio wanaohesabiwa.

Nenda sasa kwa yule binti. Nenda Jumamosi asubuhi, usiende na wazazi wengine, na uketi na bibi yake kabla ya kumtaja mtoto. Mwombe radhi kwa kumrudisha mjukuu wake, kisha muulize habari za macho yake. Kung'oa nywele za kope kwa kibano humpa nafuu ya muda tu, nazo huota tena zikiwa fupi na ngumu. Upo upasuaji mdogo unaoigeuza kope irudi mahali pake, hufanywa kwa ganzi na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Hautamrudishia uwezo wa kuona uliokwisha kupotea, lakini utamwondolea maumivu na kukilinda kilichobaki. Kabla hujaenda, pitia zahanati uulize ni lini na wapi upasuaji huo utafanyika karibu nanyi, ili usimpe matumaini matupu. Beba pia dumu tupu la lita 5, kamba na msumari, umshirikishe binti kutengeneza kibuyu cha nyumbani kwao pale uani, naye awe wa kwanza kukikanyaga. Jumatatu mpe kazi ya kuwaonyesha wenzake jinsi alivyokifunga.